Tebo ya tisa, 99 iliyomliza mtoto, na machungwa ya sokoni

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma mjini, ana duka la vifaa vya shule. Naliweka kama alivyoliandika, salamu tu ndo nimezipunguza:

"Mwalimu shikamoo. Mwanangu yuko la nne, wenzake wamemwambia tebo ya tisa ukijumlisha tarakimu za jibu lazima upate 9. Sasa kwenye zoezi, 9 × 11 alikuwa kaandika 99, akajumlisha ikaja 18, akafuta akaweka 108. Halafu 9 × 12 akaweka 117. Kakosa zote mbili na kalia kweli. Naomba kujua hiyo janja ni ya kweli au ni uongo wa watoto? Na kama ni ya kweli mbona nimejaribu tebo ya saba naona vurugu tupu? Na ina kazi gani, au ni mchezo tu wa kupotezea muda?"

Marahaba mama, na pole na kijana. Nianze na yeye maana kanifurahisha sana huyo. Jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi, 99 ndo yenyewe, akaja kulifuta kwa sababu sheria aliyopewa na wenzake ilikuwa imekatwa mkia. Sheria nzima inasema jumla ya tarakimu igawanyike kwa 9 bila baki, na 18 inagawanyika, mara mbili kamili. Au kama hataki maneno mengi we mwambie aendelee kujumlisha mpaka ibaki tarakimu moja tu: 99 inatoa 18, halafu 1 na 8 inatoa 9. Angepiga hatua moja zaidi asingelia.

Halafu angalia alichofanya baada ya kufuta. 108 ukijumlisha unapata 9, 117 nayo 9, yaani majibu yote mawili yamepita kwenye kipimo chake na yote mawili ni makosa, alichofanya ni kuteleza hatua moja mbele, jibu la kumi na mbili kaliweka kwenye kumi na moja. Hilo litunze kichwani, nitalirudia huko chini, kwamba hiki kipimo kinajua kukataa jibu baya lakini kulithibitisha jibu zuri hakiwezi.

Sasa kwanini 99 peke yake iharibu wakati kuanzia 9 mpaka 90 mambo yalikuwa shwari? Angalia unavyotembea kwenye tebo ya tisa. Kuongeza 9 ni sawasawa na kuongeza 10 halafu unarudisha 1. Kwa hiyo kila hatua makumi yanapanda moja, mamoja yanashuka moja, 18, 27, 36, 45, kinachoingia upande huu kinatoka upande ule, jumla haitikisiki. Ukifika 90 mamoja yameisha, yako sifuri, huna cha kurudisha. Ukiongeza 9 hapo makumi yanabaki 9 yale yale na mamoja yanakuwa 9, ndo unapata 18. Hatua inayofuata, 108, mambo yanatulia tena, unatembea 117, 126, 135 mpaka 180 kote ni 9, halafu 189 na 198 zinakuja tena na 18. Sio bahati mbaya hata kidogo. Na ile janja ya vidole ambayo watoto wanaipenda, unanyoosha vidole kumi, 9 × 4 unakunja cha nne, kushoto vinabaki vitatu kulia sita, 36, ni hicho hicho kitu, vidole tisa vimegawanywa pande mbili na jumla yake haiwezi kuwa nyingine zaidi ya tisa.

Lakini hayo ni maelezo ya kuonekana kwa macho tu. Sababu yenyewe hasa mi huwa naifundisha kwa machungwa, na nimeona hata wanafunzi wanaochukia hesabu wanaielewa.

Chukulia muuza machungwa pale soko la Majengo. Mzigo umeshuka kutoka Muheza, ana matenga, kila tenga lina machungwa 100, ana vikapu, kila kikapu kina 10, na mengine yako wazi chini kwenye turubai. Sema ana matenga 2, vikapu 4 na machungwa 7 yaliyo wazi, jumla 247. Kaamua leo atauza kwa mafungu ya tisa tisa (ni fungu la ajabu najua, lakini twende nalo hivyo hivyo). Kila kikapu cha kumi anatoa fungu moja la tisa, linabaki chungwa 1. Kila tenga la mia anatoa mafungu 11, hiyo ni 99, linabaki chungwa 1. Unaona kinachotokea? Tenga kubwa kabisa na kikapu kidogo vyote vinamwachia chungwa moja moja. Kwa hiyo masalia yake ni 2 ya matenga, 4 ya vikapu na yale 7 ya chini, jumla 13. Kwenye 13 anatoa fungu lingine, yanabaki 4. Piga kwa kalkuleta, 247 ukigawa kwa 9 inaingia mara 27 na baki ni 4.

Kwa hiyo ile 2 + 4 + 7 unayoifanya ukijumlisha tarakimu ni kuhesabu masalia ya machungwa baada ya mafungu kutoka. Jumla ya tarakimu ndo baki yenyewe, au baki iliyochanganyika na mafungu machache ambayo hujayatoa bado, ndo maana unajumlisha tena na tena mpaka ibaki moja. Elfu nayo inaacha 1 kwa sababu 999 inagawanyika kwa 9, elfu kumi inaacha 1 kwa sababu ya 9,999, inaendelea hivyo hivyo mpaka uchoke. Na ukifika kwenye 9 ya mwisho maana yake masalia ni fungu moja kamili, baki hakuna.

Tatu inaingia bure humo humo. Fungu la tisa unaligawa mafungu matatu ya tatu tatu, kwa hiyo masalia ya tisa yanatosha kukuambia habari za tatu. Namba ikijumlisha 3, 6 au 9 inagawanyika kwa 3. Sita ni hiyo hiyo ya tatu ila namba iwe shufwa. Nne unatazama tarakimu mbili za mwisho tu kwa sababu mia inagawanyika kwa nne yenyewe, nane unatazama tatu za mwisho, mbili na tano na kumi anajua hata aliyeko la kwanza. Hizo nazipita.

Saba sasa. Mama umesema umeona vurugu. Nadhani uliishia njiani, labda mteja aliingia dukani. Tujumlishe mpaka tarakimu moja: 7, halafu 14 inatoa 5, 21 inatoa 3, 28 inatoa 10 kisha 1, 35 inatoa 8, 42 inatoa 6, 49 inatoa 13 kisha 4, 56 inatoa 11 kisha 2, 63 inatoa 9, na 70 inarudi 7. Ziandike kwa mstari: 7, 5, 3, 1, 8, 6, 4, 2, 9. Hiyo vurugu iko wapi hapo? Inashuka mbili mbili, na ikiishiwa inakopa 9 (1 ongeza 9 toa 2 ni 8). Sababu ni kwamba kuongeza 7 ni kuongeza 9 halafu kutoa 2, na ile 9 kwenye masalia haionekani, inaenda kwenye fungu, kinachoonekana ni kutoa 2 tu. Nane inashuka moja moja, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1, 9, kwa sababu hiyo hiyo.

Na hapa kuna kitu mi kilinikosesha usingizi nikiwa kidato cha pili. Andika tebo ya mbili kwa mtindo huo: 2, 4, 6, 8, 1, 3, 5, 7, 9. Sasa soma ya saba kutoka nyuma ukiiruka ile 9. Ni ile ile. Mbili na saba ni mapacha waliogeuziana migongo, moja na nane hivyo hivyo, nne na tano hivyo hivyo, tatu na sita pia ila hao wanazunguka kwenye 3, 6, 9 tu hawatoki hapo. Kila jozi ukijumlisha unapata tisa. Nilidhani nimegundua kitu cha kuandikwa magazetini, nikamkimbilia mwalimu wangu, akacheka akaniambia keti uendelee na zoezi.

Ila sasa uwe makini, mpangilio upo lakini kipimo hakipo. Huwezi kujua namba inagawanyika kwa 7 kwa kujumlisha tarakimu zake. 16 inatoa 7, 25 inatoa 7, 34 inatoa 7, na hakuna hata moja inayogawanyika kwa 7. Rudi sokoni utaona kwanini. Yule jamaa akiuza kwa mafungu ya saba, kikapu cha kumi kinamwachia machungwa 3, tenga la mia linatoa mafungu 14, hiyo 98, linamwachia 2. Masalia hayako moja moja tena, kila chombo kina deni lake. Zile 247 zinakuwa: matenga 2 mara 2 ni 4, vikapu 4 mara 3 ni 12, na 7 za chini, jumla 23, toa 21, baki 2. Na kweli 245 ndo inayogawanyika kwa saba. Kwa hiyo saba ina utaratibu wake, ni vile tu unazidisha kwanza ndo unajumlisha. Wengine wanatumia njia ya kukata tarakimu ya mwisho, unaizidisha kwa mbili, unatoa kwenye iliyobaki: 343, kata 3, 34 toa 6 ni 28, inagawanyika. Nzuri hiyo, ila kwa mtoto wa la nne mi naona agawanye tu ya kawaida atamaliza mapema.

Kwa hiyo tisa haina uchawi wowote. Siku hizi unakuta watu wanaweka video eti tisa ni namba takatifu, mara ya malaika, na wazee wa pwani walikuwa wanaiita kenda kabla tisa ya Kiarabu haijatawala, nayo nimekuta mtu anaipa maana nzito kweli kweli. Tisa imekalia hicho kiti kwa sababu moja tu, iko nyuma ya kumi kwa hatua moja, na sisi tunahesabu kwa makumi. Tungehesabu kwa kitu kingine kiti kingeenda kwa mwingine.

Na hilo mama wewe unaweza kulithibitisha dukani kwako bila kuniamini mimi, kwa sababu madaftari unayauza kwa dazeni. Dazeni ni 12, aliye nyuma yake hatua moja ni 11. Sasa chukua tebo ya kumi na moja uiandike kwa dazeni na vipande. 22 ni dazeni 1 na daftari 10, jumlisha 1 na 10, ni 11. 33 ni dazeni 2 na daftari 9, ni 11. 44 ni dazeni 3 na 8, 11 tena. 55 ni dazeni 4 na 7. 66 ni dazeni 5 na 6. Unaona inavyopanda huku na kushuka kule? Ni tebo ya tisa ile ile imevaa nguo nyingine. Kreti ya soda ina chupa 24, kwa hiyo kwa mwenye grosari namba ya ajabu ni 23, na trei ya mayai ina 30 kwa hiyo mfuga kuku wa Singida ana 29 yake. Siku nimeifundisha hii darasani kuna kijana baba yake ana duka la jumla alisimama akasema kumbe stoo kwetu tisa haina kazi, nikampigia makofi.

Kabla sijaenda kwenye kazi yake nimalizie kumi na moja kwenye hesabu zetu za kawaida, maana tutaihitaji. Yenyewe iko mbele ya kumi kwa hatua moja, kwa hiyo kikapu cha kumi badala ya kuacha chungwa moja kinadai chungwa moja ili fungu litimie. Mia inaacha 1 (99 ni mafungu tisa ya kumi na moja), elfu inadai 1 kwa sababu 1,001 inagawanyika kwa 11. Inaacha, inadai, inaacha, inadai. Ndo maana kipimo cha 11 unaanzia kulia unajumlisha na kutoa kwa kupishana. 2,728: 8 toa 2 ni 6, ongeza 7 ni 13, toa 2 ni 11. Inagawanyika, ni 11 × 248.

Haya, kazi. Umeuliza ni mchezo tu? Hapana mama, hii ilikuwa kazi ya watu kabla kalkuleta haijafikiriwa. Wanahesabu wa Kiarabu waliitumia kukagua majibu ya kuzidisha, na Leonardo wa Pisa, huyu ambaye leo dunia inamwita Fibonacci, aliiweka kwenye kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1202. Huyo bwana utotoni alianza kusomea hesabu za tarakimu hizi tunazotumia kule Bugia, mji wa bandari ambao leo uko Algeria, baba yake alikuwa na kazi pale. Yaani njia mojawapo ya tarakimu hizi kuingia Ulaya ilipitia Afrika, hilo wanafunzi wangu nawaambia kila mwaka.

Inavyofanya kazi ni hivi. Sema umeagiza kaunta buku 47 kwa 3,800 kila moja, umezidisha kwa mkono umepata 178,600. Unakagua: 47 inatoa 11 kisha 2. 3,800 inatoa 11 kisha 2. Zidisha 2 kwa 2, 4. Sasa jibu, 1 + 7 + 8 + 6 ni 22, kisha 4. Zimekubaliana, endelea na maisha. Ungekuwa umeandika 177,600, jumla ni 21 kisha 3, haikubali, unajua kuna kosa kabla hata ya kurudia hesabu. Na namba ikiwa ndefu usijumlishe yote, futa tisa tisa unazoziona. 4,527,981: 4 na 5 futa, 2 na 7 futa, 9 yenyewe futa, 8 na 1 futa, hakuna kilichobaki, inagawanyika kwa 9. Sekunde tano.

Sasa lile nililosema tutalirudia. Ukiandika 176,800 badala ya 178,600, umegeuza 8 na 6, kipimo cha tisa kitakupitisha bila wasiwasi, tarakimu ni zile zile zimebadilishana viti tu na yenyewe haijali nani kakaa wapi. Sifuri ikizidi au ikipungua haioni vilevile. Na hata ukiweka jibu la kubahatisha tu, moja kati ya tisa litapenya. Hapo ndo unamwita kumi na moja. 47 ni 7 toa 4, 3. 3,800 ni 0 toa 0 ongeza 8 toa 3, 5. Zidisha, 15, kwa kipimo kile kile 5 toa 1, 4. Jibu sahihi 178,600: 0 toa 0 ongeza 6 toa 8 ongeza 7 toa 1, ni 4, safi. Lile bovu 176,800: 0 toa 0 ongeza 8 toa 6 ongeza 7 toa 1, ni 8. Limekamatwa. Jirani akigeuzana na jirani yake, kumi na moja lazima imwone, labda tu tarakimu ziwe zinafanana na hapo kosa lenyewe halipo. Ukipata jibu hasi ongeza 11, usiogope.

Ila kwa mtu wa duka kazi tamu kuliko zote iko kwenye huo huo upofu wa tisa. Hii ilinitokea mwenyewe. Kuna kipindi nilikuwa mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kikundi kidogo tu cha mtaani, mwisho wa mwezi daftari likasema kuna pesa 36,000 zaidi ya zilizoko kwenye sanduku. Unajua macho ya wanakikundi siku kama hiyo yanavyokuwa, mhazini unaanza kuonekana una shati jipya. Watu wakataka tuanze kupitia kurasa zote, jua la Dodoma la mwezi wa kumi hilo, mabati juu. Nikajaribu kugawa 36,000 kwa 9, ikaja 4,000 kamili. Nikapumua.

Kwa sababu ukigeuza tarakimu mbili zilizo jirani tofauti inayotokea siku zote inagawanyika kwa 9, masalia ya namba mbili ni yale yale kwa hiyo ukitoa yanafutana, yanabaki mafungu matupu. Na ile 4 ya mbele inakwambia tarakimu zilizogeuzwa zinapishana kwa nne, na zile elfu zinakwambia tatizo liko kwenye maelfu na makumi elfu. Kwa hiyo nilikuwa natafuta 51,000 iliyotakiwa kuwa 15,000, au 62,000 ya 26,000, au 73,000 ya 37,000, au 84,000 ya 48,000, au 95,000 ya 59,000. Au sifuri iliyozidi, yaani 40,000 iliyotakiwa kuwa 4,000, maana sifuri ikizidi tofauti nayo ni mara tisa ya namba yenyewe. Sita tu. Kurasa ya pili nikaikuta 84,000, risiti inasema 48,000. Aliyeandika ni mimi mwenyewe, lakini angalau sikuiba.

Kwa hiyo mama siku mauzo na daftari vikipishana, kabla hujamgombeza binti wa dukani gawa tofauti kwa 9. Ikiingia kamili tafuta kwanza namba iliyogeuzwa au sifuri iliyozidi au kupungua. Isipoingia basi hilo sio kosa moja la kugeuza, kuna kitu hakijaandikwa au kimeandikwa mara mbili, au ni mambo mengine unayoyajua wewe. Inaweza pia kuingia kwa bahati tu, nimeshasema moja kati ya tisa, kwa hiyo usiape mahakamani.

Na msimbo ule wa mistari nyuma ya madaftari yako, zile namba 13, uliosajiliwa hapa kwetu unaanza na 620. Tarakimu ya mwisho pale imewekwa kwa ajili ya ukaguzi tu, na waliobuni walijua vizuri upofu wa kujumlisha kavu kavu, ndo maana wanazidisha kwa kupishana, ya kwanza mara 1, ya pili mara 3, ya tatu mara 1, mpaka mwisho, na jumla yote lazima iishie na 0. Chukua daftari moja hapo ujaribu na kijana. Hata yenyewe ina tundu, tarakimu jirani zikipishana kwa 5, mfano 1 na 6, zikigeuzana haioni.

Kuhusu mtoto, mi nisingemkataza hiyo janja ya tisa. Mwambie tu ajumlishe mpaka tarakimu moja, na afanye tebo kwanza ndo akague baadaye, asikague halafu ndo atafute jibu la kuridhisha kipimo. Halafu mfundishe huu mchezo awatege wenzake waliompotosha. Amwambie mwenzake aandike namba yoyote ya tarakimu nne, zisiwe zote zinafanana, kwa siri, mfano 7,352. Azichanganye apendavyo, mfano 2,537. Atoe ndogo kwenye kubwa, 4,815. Afiche tarakimu moja, zilizobaki azitaje kwa mpangilio wowote. Akificha 8 atataja 4, 1, 5, mwanao anajumlisha 10, anajiuliza imebaki ngapi kufika jibu linalofuata la tebo ya tisa, hapa ni 18, anasema 8. Mwenzake atashangaa. Ila sharti mwenzake asifiche sifuri, maana jumla ya zilizobaki ikija 9 au 18 kamili, iliyofichwa inaweza kuwa 0 au 9 na hakuna namna ya kujua. Nililisahau hilo sharti mwaka jana nikasema tisa kwa kujiamini mbele ya darasa zima la watoto hamsini na kitu.